Rangi za Jikoni

Nyumba yetu ya Mabela ina kuta za rangi ya maziwa ya kopo.
Miaka sita zimenitazama, nami nazitazama,
kama wageni wawili waliokwisha kuulizana hali
mpaka hali za mbuzi na za majirani.

Binti yangu Shinuna akasema, Mama, twende dukani,
kuna picha kubwa za kioo, mnara wa nchi fulani,
taa imo ndani yake, unaiwasha kwa rimoti.
Nikamwambia, mwanangu, mnara ule haunijui.
Mgeni akiniuliza ni wa wapi, nitasema nini?
Ni wa punguzo la asilimia arubaini?

Basi nikaanza. Vibaya.
Majani ya mtende niliyoomba kwa mwenye shamba wa Barka
nikayasuka duara, nikalibandika kwa gundi.
Tukaenda Nizwa harusini siku mbili, tukazima kiyoyozi.
Kurudi, duara liko sakafuni, limejikunja
kama paka aliyesusa.
Agosti haina gundi.

Na kuchora sijui. Miaka ishirini na saba
nimehesabu maboksi ya dawa katika ghala la hospitali,
nikatia vema, nikatia vema.
Mkono wangu hauna herufi nyingine.

Usiku mmoja nikafungua bweta la marehemu mama,
natafuta kifungo,
mkono ukatoka na kofia ya viua.
Alikuwa akimshonea mjomba Suweid.
Vitobo kama vimetobolewa na sisimizi,
kila kimoja kimezungushiwa uzi,
mpaka safu ya saba. Kisha kitambaa kitupu,
na sindano imekaa pale pale, imeshika kutu,
imeacha doa la kahawia, dogo, la mviringo.

Nikalitazama doa lile muda mrefu.
Lilikuwa rangi.

Kahawa ya jana nikaichemsha mpaka ikawa nzito kama shira.
Bizari nikaikoroga kwa siki.
Maganda ya komamanga la Jabal Akhdhar
akaniletea Bi Rayya wa nyumba ya pili, kapu zima,
akidhani tumbo linanisumbua.
Brashi sikununua: nilitafuna ncha ya mswaki
mpaka ikachanua nyuzi.

Nikaitandaza kofia juu ya karatasi
nikagonga, tobo kwa tobo,
tone la kahawa, tone la bizari,
na mama akapita upande wa chini,
ua kwa ua, bila kusema.

Safu ya saba ikaisha.
Mbele hakuna tobo. Mbele ni mimi.
Nikaendelea kwa jicho, na jicho ni la mtu wa maboksi:
maua yakaanza kupinda, mengine yakawa vema,
ndiyo, vema, ndogondogo, zikateremka hadi pembeni.
Sikuzifuta.

Shinuna akaitundika mwenyewe kwa msumari mmoja,
akarudi nyuma, akainamisha kichwa.
Imekwenda upande, akasema.
Picha au msumari?
Sijui, Mama.
Tukaiacha.

Bi Rayya alipokuja kwa kahawa aliisogelea mpaka kwa pua.
Inanukia mchuzi wa papa, akasema.
Kisha, kwa huruma: rangi za jikoni hazidumu, dada.
Jua la dirisha hilo litayala manjano yako
kabla ya Ramadhani.

Nikammiminia kikombe cha pili.
Na mchuzi haudumu, Bi Rayya,
mbona tunapika kila siku?

Manjano yameanza kwenda, kweli.
Upande wa dirishani umekuwa rangi ya chai ya mgonjwa.
Ijumaa, baada ya chakula, natafuna mswaki mwingine.
Shinuna siku hizi hukoroga bizari, siki humwagika,
na meza ina madoa ambayo hayatatoka.

Kofia nimeirudisha bwetani.
Sindano sikuigusa.